Upele wa mbuzi: dawa ipi ununue kabla ya Idi

Upele humshusha mbuzi bei hata kabla hajakonda. Wanunuzi wa Idi ya kuchinja, Ukunda hadi Msambweni, huanza kwa kumkagua pua na masikio, na kwa madhehebu ya Shafi yanayofuatwa pwani, upele hata kidogo humtoa kwenye udhia. Usingoje wiki ya mwisho.

Kabla hujatoa pesa, itazame ngozi. Magamba mazito yanayowasha usoni na masikioni aghalabu ni utitiri. Mabaka ya mviringo yaliyonyonyoka manyoya huenda ni mashilingi, na hayo sindano haiyasaidii. Anza na tincha ya aidini, bei yake ndogo. Yote mawili humwambukiza mtu, kwa hiyo nawa.

Kwa utitiri, dawa ya kuogesha ya amitrazi ndiyo rahisi kununua, na kwa kuwa ni ya kupe pia, haiadimiki madukani. Ile ya asilimia 12.5 huchanganywa mililita 2 kwa lita ya maji. Gharama iko kwenye maji yenyewe: mbuzi alowe hadi ngozini, kisha urudie baada ya siku 7 hadi 10. Kama kiangazi unanunua maji kwa mtungi, piga hesabu hiyo kwanza. Pampu ya kuazima iliyopuliza dawa ya magugu ikatae. Punda usimwogeshe kwa amitrazi, humdhuru tumbo.

Sindano ya ivamektini ya asilimia 1 ni mililita 1 kwa kilo 50, chini ya ngozi. Mbuzi wa kilo 25 anatumia nusu mililita, kwa hiyo chupa ya mililita 50 ni dozi 100. Mwenye mbuzi 6 anahitaji dozi 12 tu, maana kila mmoja hudungwa tena baada ya siku 14. Changeni majirani. Iliyokwisha kuvutwa kwenye sirinji dukani mimi singeinunua: haina lebo wala tarehe.

Ila maziwa ya aliyedungwa hayanywewi, na nyama husubiri siku zilizoandikwa kwenye chupa, zikihesabiwa tangu sindano ya mwisho. Idi ikiwa mbali miezi miwili au zaidi, dunga. Ikiwa karibu, ogesha, na lebo uisome vilevile.

Kuvuka Likoni kutafuta bei nafuu? Feri kwa miguu ni bure, lakini nauli ya matatu kwenda na kurudi humeza tofauti ya chupa moja. Wala usimpake mbuzi oili chafu ya gari: haina bei, lakini ni sumu.

Tibu zizi zima siku moja.