Jioni ya Kuonja Omurushaka

Jua likishazama upande wa Kyerwa, Omurushaka hubadilika harufu. Mchana kutwa njia panda hii ya Karagwe hunuka vumbi na dizeli: malori ya ndizi, mabasi ya Bukoba, bodaboda wanaogombea abiria wa Nkwenda na Murongo. Jioni vumbi likitulia, moshi wa mkaa hushika zamu. Mikokoteni husogezwa kando ya barabara, makabati ya kioo ya chipsi huwashwa taa, ndoo za maji ya kunawa hupangwa mbele ya meza. Mtu aliyetoka nyumbani akiaga kwamba anakwenda kununua vocha hujikuta bado anatafuna saa nne ya usiku.

Hakuna aliyelitangaza tamasha hili. Halina tiketi, halina kamati wala mgeni rasmi, na wenyewe hawaliiti tamasha. Linaletwa na kahawa. Kuanzia Juni, ekyanda ikishaingia, ndicho kiangazi chetu, kahawa ya maganda huanikwa kwenye maturubai kila ua, hupelekwa kwenye vyama vya msingi, na fedha huingia mifukoni mwa watu ambao tangu Januari walikuwa wakinunua sukari ya kupimiwa kwa kijiko. Si wote. Yupo aliyeuza butura: alichukua fedha za mwenye nazo kahawa ingali maua, na sasa anavuna mali isiyo yake tena. Huyo naye utamwona Omurushaka jioni, ila anasalimia watu wengi kuliko anavyonunua vitu.

Na msomaji wa Dar es Salaam akisikia kiangazi asifikirie jasho. Nyanda hizi ziko juu, mahali pengi panapita mita 1,500, na usiku wa Julai watu huvaa makoti. Jiko la muuza mishkaki lina kazi mbili, na wanaoota moto bila kununua hawafukuzwi.

Nilianza na gonja, ile ndizi ndefu inayochomwa juu ya makaa ikiwa imeiva nusu, mpaka ganda la nje linapasuka na utamu kuanza kuungua pembeni. Mama aliyekuwa akizigeuza alinimegea kipande kabla sijauliza bei. "Onja kwanza, waitu." Nikaonja nikiwa nimesimama, na hapo hapo nikamkumbuka bibi yangu wa Nyaishozi, ambaye angeniona vile angejifunika uso kwa khanga.

Kwake, kula njiani ilikuwa tabia ya mbuzi. Mtu alikula ndani, ameketi chini, ndizi na maharage vimemwagwa juu ya majani ya mgomba yaliyopashwa moto kidogo yalainike, mvuke unapanda katikati ya duara la magoti. Mlango ulikuwa wazi kwa yeyote, lakini barabarani hakuonekana mtu akitafuna. Chakula kilichopikwa hakikuuzwa. Kukiuza kungekuwa sawa na kuuza salamu. Jambo moja lilikuwa lazima: mgeni akiwakuta mnakula, anakaribishwa, na akikaribishwa anaonja hata tonge moja. Aliyekataa kabisa alizua maswali. Ameshiba, au anatudhania nini? Hofu ya sumu katika nchi hizi ni ya zamani, na tonge moja lilitosha kuiondoa.

Kwa hiyo kuonja si ugeni kwetu. Kilichobadilika ni kwamba sasa tunaonja hadharani, na baadaye tunatoa noti.

Mkokoteni wa pili ulikuwa wa baba lishe, mwanamume wa makamo mwenye aproni, jambo ambalo peke yake lingemshangaza bibi, maana wanaume wa rika lake walipita mbali na mafiga. Alinipakulia ndizi na maharage. Hapa kwetu ndizi haipondwi kama wanavyoiponda Waganda. Inabaki nzima, inaiva pamoja na maharage mpaka inakunywa rangi yake, na mpishi anayejali huongeza samli mwishoni. Juu yake akaniwekea paja la kuku wa kienyeji. Pembeni, kikombe cha chai ya maziwa.

Sahani ya kawaida kabisa. Lakini mwaka 1861 sahani hiyo ingeleta kesi. Novemba ya mwaka huo John Hanning Speke na mwenzake James Grant walifika kwa Omukama Rumanyika, mtawala wa Karagwe ambaye ikulu yake ilikuwa Bweranyange. Walipokewa vizuri mno, lakini maziwa ya kununua hawakuyapata. Wafugaji wa nchi ile yenye ng'ombe kila bonde hawakukubali kuwauzia, na sababu waliyopewa ni kwamba walikuwa wakila kuku na maharage. Maziwa ya ng'ombe hayakutakiwa kukutana tumboni na vitu hivyo. Vikikutana, anayedhurika ni ng'ombe. Wakati huo huo, ndani ya nyumba za wakubwa, wake walinyweshwa maziwa siku nzima ili wanenepe, na Speke alimpima mmoja kwa utepe akaandika vipimo kitabuni kana kwamba anapima mtumbwi. Mzungu yule ameandika mengi ya kuudhi, lakini kwa habari ya maharage namshukuru.

Wengi wetu tunaamini kwamba ndizi na maharage ndiyo Karagwe yenyewe, tangu dunia iumbwe. Ilikuwepo, ndiyo, kwa wakulima. Kwa waliotawala, chakula cha heshima kilikuwa maziwa. Kisha mwanzoni mwa miaka ya 1890 sotoka ikapita Afrika Mashariki, ng'ombe wakafa kwa makundi, na mwiko wa maziwa ukakosa maziwa ya kulinda. Baadaye kahawa ikaenea, watu wakahamia kutoka Buhaya na kwingine, migomba ikapanda vilima. Baba lishe wangu hakujua habari ya Rumanyika na maharage. Nilipomsimulia alicheka, akaongeza chai. "Basi wewe kunywa, ng'ombe wangu wawili niwajuavyo hawatakufa."

Nyuma yake palikuwa na foleni ya wasichana wa sekondari waliorudi likizo, wote wakisubiri chapati iliyoviringishiwa mayai. Chakula hiki kimetoka Uganda na jina lake ni mzaha: wenyewe wanakiita rolex kwa sababu ya mayai ya kuviringisha, "rolled eggs" kwa Kiingereza, na saa ya Uswisi imeingia kwa kufanana matamshi. Kijana anayekipika hupasua mayai mawili kwa mkono mmoja, anakatakata kabeji na nyanya ndani ya kikombe, anamwaga juu ya bamba la chuma, anafunika kwa chapati, anaviringisha, anafunga kwa karatasi. Hata dakika tatu haziishi.

Nilisimama kuwatazama wale mabinti wakila. Bibi yangu hakuwahi kula yai maishani mwake, wala kuku, wala senene. Wanawake wa pande hizi, Wanyambo kwa Wahaya, walikatazwa. Walifuga kuku, wakamchinjisha, wakampika, wakamwandalia mume na wageni wake, wakabaki na mchuzi wa maharage. Sababu zilizotolewa ni nyingi na hazifanani, dalili kwamba hazikuwa sababu. Aliyeweka mwiko ndiye aliyekuwa akila paja. Nilimuuliza mmoja wa wale mabinti kama amewahi kusikia habari hiyo. Alisikia kwa nyanya yake, akasema, kisha akauma chapati yake na kuniuliza kama mimi siagizi.

Mwiko mmoja hata hivyo haujafa, na nilikutana nao kwenye mishkaki. Mzee aliyevaa koti refu alikuja mbele ya jiko, akainama, akauliza ni nyama gani.

"Ya mbuzi, mugurusi."

"Yote?"

"Yote. Ile ya pembeni ya ng'ombe."

Mtu wa nje angedhani mzee anahofia usafi. Alikuwa anauliza muziro. Kila ukoo una kitu chake kisicholiwa: mnyama, samaki, ndege, sehemu fulani ya ng'ombe au ng'ombe wa rangi fulani, na watu wa muziro mmoja huhesabiana ndugu hata wakikutana mara ya kwanza stendi. Kwenye meza ya harusi ya zamani kila mtu alijua nani asiwekewe nini. Mbele ya jiko la barabarani nyama haina ukoo wala rangi ya ngozi, imekwisha kukatwa vipande na kutiwa mtini, kwa hiyo mwenye muziro ni lazima aulize. Wahinda, ukoo wa Rumanyika, walijipatia muziro mwepesi kuliko wote: tumbili, aitwaye enkende. Sijaona kabila wala mtaa wa pande hizi ambako mtu alimpikia Mhinda enkende kwa bahati mbaya.

Senene sikuwatarajia. Hao ni wa mvua, Novemba na Desemba, wakati vijana wanaposimamisha mabati na taa kali juu ya vilima na usiku mzima unakuwa wa kijani. Lakini mama mmoja alikuwa nao, wamebaki wa msimu uliopita, wamekaangwa kwa mafuta yao wenyewe na chumvi kisha wakakaushwa sana. Alikuwa akipima kwa kikombe cha kahawa, na bei yake nisingeitaja mbele ya watoto. Nikanunua kikombe kimoja. Wa Desemba ni laini, wana mafuta. Hawa wa Julai wanalia mdomoni kama karanga. Muuzaji alichukua watatu kutoka kwenye kikombe changu, akala mbele yangu bila kuomba ruhusa. Nilimpenda kwa hilo.

Siku mbili baadaye nilikwenda Nkwenda, kwa barabara inayokata kushoto na kulia kati ya migomba. Kyerwa ilikuwa sehemu ya Karagwe mpaka 2012, na kwa mdomo bado hakuna mpaka, isipokuwa kwamba kadiri unavyosogelea Murongo chakula kinaelemea Uganda. Mishkaki inaitwa muchomo. Asubuhi watu wanakula katogo, ndizi zilizochanganywa chungu kimoja na utumbo au maharage. Bushera, kinywaji cha mtama kilichochachuka kidogo, kinauzwa kwa jagi. Murongo kwenyewe, ukishuka mpaka darajani juu ya mto Kagera, Kikagati ya Uganda iko ng'ambo, na muuza chapati hubeba hesabu ya shilingi za nchi mbili kichwani asikosee.

Rubisi niliipata huko Kyerwa, si barabarani bali kwenye banda nyuma ya soko, na nilifurahi kwamba ni ndani. Pombe hii haina haraka. Ndizi za pombe huivishwa siku kadhaa, humenywa, hukamuliwa kwa miguu pamoja na nyasi ndani ya mtumbwi wa mti, juisi huchujwa, huwekewa mtama uliokaangwa na kusagwa, hufunikwa. Ya siku moja ni tamu na wanapewa hata wakwe. Ya siku tatu inampeleka mtu nyumbani kwa njia ndefu. Mwenye banda alilalamika kwamba mtumbwi wake unakaa mkavu wiki nzima. Mnyauko wa migomba, ulioingia Kagera mwaka 2006, umezipiga vibaya ndizi za pombe, maana nyuki na wadudu wengine hupenda maua yake na hubeba ugonjwa kutoka shina hadi shina. Alikuwa ameng'oa na kuzika nusu ya shamba.

Kisha akajaza kibuyu, akanywa yeye kwanza, mafunda mawili, nikimtazama. Ndipo akanipa. Wala hakueleza, wala mimi sikuuliza. Mtu akikupa rubisi bila kuionja, unayo haki ya kuiweka chini.

Usiku ule nilirudi Omurushaka kwa pikipiki, baridi inapenya kwenye vifungo vya koti. Mikokoteni mingi ilikuwa imefunikwa. Kwenye kona ya stendi alibaki mzee mmoja na kikapu kidogo cha ukili, anauza akamwani: kahawa ya kutafuna, inayochumwa ingali mbichi, inachemshwa na majani yenye harufu, kisha inaanikwa mpaka inakuwa nyeusi na ngumu. Zamani katika himaya za Buhaya mti wa kahawa ulikuwa chini ya mkono wa Omukama, na punje hizi hazikuwa bidhaa ya stendi. Zilikuwa ishara ya "karibu". Mgeni aliketi, kikapu kikaletwa, na kabla ya kuulizwa shida yake alikuwa tayari anatafuna. Waliotaka kuwa ndugu bila kuzaliwa pamoja walichukua tunda moja lenye punje mbili, wakazipaka damu zao, kila mmoja akameza ya mwenzake.

Nilimpa mzee shilingi mia tano. Alichukua, akanifungia pakiti kwa karatasi ya daftari. Halafu akaingiza vidole tena kikapuni, akatoa nyingine chache, akazipokeza kwenye kiganja changu kwa mikono yote miwili.

"Hizo za kwenye karatasi ni zako," akasema. "Hizi ni za kukukaribisha."

Nikakaa kwenye benchi lake. Tulitafuna, tukitema maganda pembeni, mpaka taa ya kabati la mwisho la chipsi ikazimwa.