Wakili asiyesimama mahakamani

Rafiki yangu ni wakili, lakini tangu nimjue sijamwona akivaa joho. Kazi yake ni kuandika miswada katika bunge moja la kaunti hapa Pwani. Mamake akiulizwa mwanawe afanya kazi gani, hujibu "yuko ofisini", basi.

Wengi wetu twadhani mswada huandikwa na mheshimiwa anayeupeleka bungeni. Mheshimiwa huja na wazo, tena mara nyingi la mdomo: "Nataka sheria ya kusaidia wavuvi." Hapo wakili huanza kuuliza. Mvuvi ni nani? Asaidiwe na nani, kwa pesa za fungu gani? Asiposaidiwa, ashtaki wapi? Maswali haya huwakera wakubwa, maana ndipo hubainika hakuna aliyeyafikiria.

Kisha hufungua Katiba, Jedwali la Nne, aone jambo hilo ni la kaunti au la serikali kuu. Uvuvi umetajwa pande zote mbili. Kaunti ikivuka mpaka, mahakama yaweza kuifuta sheria baada ya pesa na muda kwisha kupotea.

Baada ya hapo ni maneno. "Waziri wa kaunti ataanzisha hazina ndani ya miezi sita" ni deni. "Waziri anaweza kuanzisha hazina" ni hisani, akitaka. Rafiki yangu asema wanasiasa hulipenda sana hilo la pili, na yeye hana kura. Huwaeleza tofauti, kisha huandika walichoamua.

Ukitaka kuona gharama ya sentensi iliyokosekana, tazama Katiba ya 2010. Imesema jinsia moja isizidi thuluthi mbili katika vyombo vya kuchaguliwa. Kwa mabunge ya kaunti, kifungu cha 177 kimeonyesha njia: viti maalumu huongezwa mpaka hesabu itimie. Kwa Bunge la Taifa na Seneti, njia haikuandikwa. Mwaka 2012 Mahakama ya Juu ikasema sheria ya kuitekeleza kanuni hiyo ipatikane kufikia Agosti 2015. Haikupita. Septemba 2020 Jaji Mkuu David Maraga akamshauri Rais avunje Bunge, nalo halikuvunjwa. Miaka yote hiyo, kwa sababu mahali pamoja paliandikwa "vipi" na pengine hapakuandikwa.

Mimi nilielewa kazi hii siku ya kikao cha maoni ya wananchi kuhusu mswada wa uvuvi. Wazee walijaa kwenye mabenchi, nakala zenyewe ni za Kiingereza. Mzee mmoja akamwita rafiki yangu. "Mwanangu, na kihori changu mimi kimo humu?"

Akafungua ukurasa wa tafsiri ya maneno. Chombo kilikuwa kimeelezwa kuwa kitu chochote kinachotumika kuvulia majini. Kihori kimo. Na ada ya leseni ilikuwa moja kwa vyombo vyote, kihori cha kusukuma kwa kafi na boti yenye mashine sawasawa.

"Kimo, mzee wangu," akasema, na nilimwona uso ukimshuka, kwani sentensi ile ni yeye aliyeiandika. Hakukusudia mabaya. Alitaka chombo chochote kisije kikaponyoka, na wavu ukanasa visivyotakiwa.

Usiku ule akaandika upya, vyombo vigawanywe kwa urefu na kwa mashine. Kamati ikakubali mgawanyo. Ada ya kila fungu ikaachwa ibishaniwe, na hapo wakili hana neno.

Kinachoniuma mimi ni lugha. Katiba hiyohiyo, kifungu cha 7, yasema Kiswahili ni lugha ya taifa na lugha rasmi pamoja na Kiingereza. Mzee yule amevua tangu kabla sijazaliwa, na ujuzi wake ulihitajika pale kuliko wa yeyote chumbani. Lau asingeuliza, kihori chake kingelipiwa kama boti. Rafiki yangu huwatafsiria watu kwa mdomo, kwa hiari yake, maana hakuna aliyemwajiri kwa hilo.

Kikao kilipokwisha mzee aliikunja nakala yake akaitia mfukoni. Alisema atamngoja mjukuu wake wa kidato cha tatu arudi Ijumaa amsomee zile kurasa zilizobaki.