Kamba ya Nailoni ni Msumeno: Tuijue Kabla Haijatukata



Hapa Kabonga, na pwani yote ya ziwa kutoka Nyanza-Lac hadi Rumonge, kamba ya nailoni ni rafiki wa kila kazi. Mvuvi anafungia wavu na mtumbwi, mchukuzi anafungia madumu ya mawese juu ya gari, fundi wa maji ananyoosha mstari wa mtaro. Lakini kuna kazi moja ya kamba hiyo ambayo si wengi wanaoijua, nayo ni kukata. Kamba nyembamba ikivutwa mbele na nyuma kwa kasi juu ya bomba la plastiki hulikata vipande viwili, ingawa haina jino hata moja.

Tumeona vema tulieleze jambo hili kwa sababu mbili. Kwanza, linamsaidia fundi asiye na chombo. Pili, na hii ndiyo sababu kubwa, kamba inayokata bomba hukata pia kamba nyingine, na pengine kamba hiyo ndiyo iliyoshika maisha ya mwenzetu.

KAMBA INAKATAJE?

Msumeno wa chuma hukata kwa meno. Kamba hukata kwa moto. Sugua viganja vyako kwa nguvu na utasikia joto. Ndivyo inavyokuwa kwa kamba na bomba. Sasa angalieni tofauti. Bomba limetulia, na joto lote linaangukia mahali pamoja. Kamba inakwenda na kurudi, na joto lake linagawanyika katika urefu wake wote. Kwa hiyo bomba linayeyuka kabla ya kamba.

Tena plastiki hazilingani. Plastiki ya PVC, ambayo mabomba mengi ya maji hutengenezwa kwayo, huanza kulegea kwenye nyuzi joto 80 hivi. Polietilini huyeyuka karibu na nyuzi 130, na polipropilini karibu na 165. Nailoni huvumilia mpaka nyuzi 220 au 260, kwa kadiri ya aina yake. Ndiyo maana nailoni hushinda bomba.

Mtu wa ziwani anaweza kuipima kamba yake bila kwenda maabara. Tupa kipande majini. Kamba ya polipropilini au ya polietilini huelea. Nailoni huzama, na poliesta pia huzama. Kwa kazi ya kukata, chagua inayozama.

NAMNA YA KUKATA

Fundi hodari hutumia msumeno wake. Kamba ni ya wakati msumeno haupo, au bomba limekaa katika mtaro mwembamba au limegusa ukuta, na msumeno hauna nafasi ya kupita. Afanye hivi:

1. Afunge maji kwanza. Bomba lenye maji ya nguvu lisikatwe.
2. Achukue kamba nyembamba, imara, ya urefu wa mita mbili hivi, na afunge kijiti kila mwisho kiwe mpini. Asiizungushe kamba mkononi, maana itamkata yeye.
3. Bomba lishikwe imara lisizunguke wala kuchezacheza.
4. Avute kwa mivuto mirefu, akitumia karibu kamba yote. Mvuto mfupi hupasha joto sehemu moja tu ya kamba, nayo hukatika.
5. Asisimame katikati ya kazi. Plastiki iliyoyeyuka ikipoa huishika kamba kama gundi.
6. Akimaliza, akwangue ukingo kwa kisu ili bomba liingie vizuri katika kiungio.

Kamba haikati chuma, na mbao huing'arisha tu. Asiitumie kwenye waya wa umeme, wala kwenye chombo kilichowahi kuwa na petroli. Moshi wa PVC iliyoungua ni mkali kwa mapafu. Ukiuona, pumzika, ukae upande upepo unakotoka.

KAMBA JUU YA KAMBA

Sasa tufike kwenye kiini cha maneno yetu. Badala ya bomba, weka kamba ya nailoni iliyokazwa na kutulia. Juu yake pitisha kamba nyingine inayokimbia. Ile iliyotulia itakatika, na haitachukua muda mrefu. Haijalishi kwamba ni nene, wala kwamba ilinunuliwa jana.

Mwenzetu anayepanda mchikichi kukata mikungu, akiwa amejifunga kamba ya nailoni kiunoni, asikubali kamba ya kushushia mzigo ipite juu ya ile iliyomshika. Anayepakia gari asivute kamba moja juu ya nyingine iliyokwisha kukazwa. Mvuvi anayevuta wavu mzito aangalie kamba isisuguane na ile iliyofunga taa au mashua. Na fundi aliye juu ya paa la kiwanda asipitishe kamba mbili katika pete moja.

Wazee wetu hawakuwa na hatari ya namna hii. Kamba ya katani haiyeyuki. Ikisuguliwa sana hulika na kuungua polepole, nawe unaona na kunusa. Warundi wengi waliifahamu katani kwa jasho lao, maana walikwenda kuikata Tanga kama manamba. Mwaka 1964 Tanganyika ilitoa karibu tani 230,000 za katani. Kisha kamba za viwandani zikajaa sokoni, bei ikaanguka, na katika miaka ya 1990 mavuno yakawa chini ya tani 40,000 kwa mwaka. Sababu zilikuwa zaidi ya moja, lakini kamba ya plastiki ilikuwa kubwa miongoni mwake. Hivyo kamba hii iliwahi kukata mkate wa wafanyakazi. Isikate na maisha yao.

Kila asubuhi, kabla ya kupanda, pitisha kamba yako mkononi pole pole. Ukikuta mahali pagumu, panapong'aa kama kioo, ujue pameyeyuka. Kamba hiyo imekwisha. Ikafunge mbuzi, isifunge mtu.

HAKI YETU

Wako watakaosema: kamba mpya ni ghali, mfanyakazi ajinunulie. Jibu lipo. Mkataba namba 155 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 1981, unasema hatua za usalama kazini zisimgharimu mfanyakazi chochote. Unasema pia kwamba anayejiondoa mahali penye hatari kubwa inayomkabili, akiwa na sababu ya haki, alindwe asiadhibiwe. Mkataba namba 184 wa mwaka 2001 unahusu usalama katika kilimo. Na mwezi Juni 2022 mkutano mkuu wa Shirika hilo uliamua kwamba kazi salama ni haki ya msingi, na nchi zote wanachama zina wajibu wa kuiheshimu hata kama hazijatia sahihi mikataba hiyo.

Kwa hiyo wajumbe wetu katika kila shamba na kila kiwanda waulize mambo matatu: nani anakagua kamba, zinabadilishwa lini, na nani anazilipia? Majibu yaandikwe. Mfanyakazi mmoja akikataa kupanda kwa kamba mbovu ataitwa mvivu. Tukikataa sote, kamba mpya itapatikana.