Ubao Mama Kwanza

Mwisho wa mwezi huwaona walimu wa Kangemi na Kawangware katika maduka ya barabara ya Luthuli, jijini, wakiulizia prosesa ya kuihuisha kompyuta kuukuu. Nawasihi wautazame kwanza ubao mama, ambao ndio makao ya prosesa. Prosesa za Intel za kizazi cha 6 na cha 8 hukaa katika soketi ya ncha 1151. Lakini zile za kizazi cha 8, zilizotoka mwaka 2017, haziwaki katika mbao za kizazi cha 6. Nayo Windows 11 yataka rasmi kizazi cha 8! Basi mnyonge hununua vyote viwili. AMD ina nafuu: mbao nyingi za soketi ya AM4 za mwaka huo huo, programu yake ya ndani ikisasishwa, hupokea hata Ryzen za mwaka 2020. Mimi ningeanzia hapo, ingawa kwa mtumba.