Sanduku la Barua Lisilochokolewa na Mwizi

Katika Kenya barua kwa kawaida hazipelekwi mlangoni kwa mtu. Huwekwa katika sanduku la posta lililokodiwa, na watu wengi hutumia sanduku la shule, la kanisa au la mwenye duka. Kwa hiyo barua iliyolindwa vema njia nzima huletwa dukani ikaachwa juu ya meza, kati ya viberiti na sukari, na kila apitaye aweza kuichukua. Mwenyewe huambiwa tu kwamba haikufika, kumbe amekosa cheti au kazi.

Yafaa basi pawepo sanduku lenye kufuli, nalo seremala yeyote aweza kulitengeneza. Mbao ziwe nene kiasi cha inchi moja, kwa kuwa bati jembamba hubanduliwa kwa bisibisi. Tundu la kutilia barua liwe refu lakini jembamba, lisipitishe hata mkono wa mtoto. Ndani yake uwekwe ubao ulioinama, ili barua iteleze chini na isiweze kuvutwa kwa waya.

Jambo linalosahauliwa mara nyingi ni bawaba. Skrubu zake zikionekana nje, kufuli kubwa ni pambo tu, maana mwizi hataligusa. Zifichwe ndani mlango ufungwapo, na sanduku likazwe ukutani kwa bolti ambazo nati zake ziko ndani.

Ufunguo ushikwe na mtu mmoja, naye agawe barua siku inayojulikana. Hati ya thamani na itumwe kwa rejista, ambayo haitolewi posta bila mpokeaji kutia sahihi.