Mtoto aanze kula lini?

“Daktari, analia sana, maziwa hayamtoshi. Nimpe uji?” Ndilo swali la mama wa Bugarama anayetaka kurudi kwenye biashara yake machimboni, mtoto akiwa na miezi 4.

Mama, subiri atimize miezi 6. Si kila kilio ni njaa. Tazama kadi ya kliniki: uzito ukipanda vizuri, maziwa yanatosha. Usipopanda, njoo kliniki kabla hujabandika sufuria. Ukitoka, kamua maziwa kwenye chombo safi chenye mfuniko, bibi amnyweshe kwa kikombe.

Akitimiza miezi 6 usichelewe, maana akiba ya madini ya chuma aliyozaliwa nayo inapungua. Anza na vijiko 2 au 3 vya uji mzito wenye dagaa waliosagwa, mara 2 kwa siku, huku ukiendelea kunyonyesha hadi miaka 2 au zaidi.