Mshahara pekee haumridhishi mwalimu

Na Mwandishi Wetu

MSHAHARA ndilo jambo la kwanza kutajwa kila inapozungumzwa hali ya walimu nchini. Hata hivyo, kuridhika kwa mwalimu na kazi yake hutegemea mengi zaidi, na baadhi yake hayahitaji fedha.

Mwanasaikolojia wa Marekani, Frederick Herzberg, alieleza mwaka 1959 kuwa mambo yanayomfanya mtu aichukie kazi ni tofauti na yale yanayomfanya aipende.

Katika kundi la kwanza aliweka mshahara, mazingira ya kazi na usimamizi. La pili lina mafanikio, kutambuliwa, kupanda cheo na kazi yenyewe.

Kwa maelezo hayo, nyongeza ya mshahara hupunguza manung’uniko, lakini peke yake haimfanyi mwalimu aipende kazi.

Uzito wa kundi la kwanza ulionekana katika mgomo wa walimu ulioanza Julai 30, 2012. Chama cha Walimu Tanzania (CWT) kilidai nyongeza ya mshahara ya asilimia 100, posho ya kufundishia ya asilimia 55 kwa walimu wa sayansi na 50 kwa wa sanaa, na asilimia 30 kwa mazingira magumu. Mgomo huo ulisitishwa siku chache baadaye kwa amri ya Mahakama Kuu, Kitengo cha Kazi.

Dai la mazingira magumu linagusa makazi. Utafiti wa Paul Bennell na Faustin Mukyanuzi wa mwaka 2005 ulibainisha kuwa nyumba ni miongoni mwa kero kubwa za walimu. Anayepangiwa kijiji kisicho na nyumba ya kupanga huanza kuomba uhamisho kabla hajawazoea wanafunzi wake.

Aidha, kufutwa kwa ada ya shule za msingi mwaka 2001 na kuanza kwa elimu bila malipo Januari 2016 kulifungua milango kwa watoto wengi, lakini kuliongeza msongamano madarasani.

Mwalimu mwenye wanafunzi 100 hawezi kusahihisha kila daftari wala kujua nani hajaelewa. Hapo hupoteza furaha kuu ya kazi yake, yaani kumwona mtoto akifahamu jambo kwa juhudi zake.

Vyeo navyo vina nafasi yake. Juni 2016, Serikali ilisitisha kupandisha vyeo watumishi wa umma ili kupisha uhakiki wa watumishi hewa. Mwalimu anayecheleweshewa daraja hukosa fedha, na pia hujiona hathaminiwi.

Wakati huo huo, mwalimu mkuu anayegawa vipindi kwa haki, anayewashirikisha wenzake katika maamuzi na kushukuru kazi njema, huweza kubadili hali ya shule bila kusubiri bajeti.

Gharama ya kutoridhika huwaangukia watoto. Mwalimu aliyekata tamaa mara nyingi haachi kazi. Husaini daftari la mahudhurio, huandika ubaoni na kuondoka. Nguvu zilizobaki huzipeleka kwenye biashara au masomo ya ziada ya kulipia, ambayo mzazi wa mjini huyamudu na wa kijijini hana.